Panya wa Séverine na Sanduku la Immaculata

Benchi letu lipo Mpanda mjini, mkabala na stendi ya malori ya Mishamo, kwenye upenu wa duka ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Tabora. Ni ubao mmoja wa mninga, aliuchonga Deo seremala, na mtu asiniambie eti ni benchi la wavivu, maana mimi cherehani yangu iko pale pale pembeni na nashona kutwa. Wananiita Pindo. Lyamba, Mpimbwe wa Kibaoni, ndiye mwenye birika la kahawa, na kwa jinsi anavyoishindilia tangawizi, basi tumemwita Tangawizi. Nathanael fundi redio ni Ampea. Malale ni Msukuma, ana ng'ombe wake huko njia ya Magamba, na haachi fimbo hata akienda kanisani, kwa hiyo ni Fimbo. Deo hatukumpa jina la utani. Jina lake kamili ni Dieudonné, wazazi wake walikuja na ukimbizi toka Burundi wakapewa eneo Katumba, yeye akajifunza useremala kwa mapadri, na kibali chake cha kukaa mjini paroko ndiye humshughulikia kila kinapokwisha. Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na nane, barabara bado zina mashimo ya zile mvua za Elnino. Asubuhi hiyo Deo alikuja kabebelea sanduku la bati lililofungwa kamba ya katani. Akalitua mbele ya benchi. Hatukumuuliza ni la nani.

Tulijua ni la Immaculata, mke wake. Mwezi wa tano alikuwa amemrudisha kwao Mishamo. Hao wawili walizaa watoto watatu. Wa kwanza na wa pili walikufa kwa sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaomkausha mtoto mwili na kumpa maumivu ya mifupa mpaka anapiga kelele. Wa tatu, Aurélie, ana miaka tisa na anao huo huo. Sasa mwezi wa nne, hapa hapa benchini, tulikaa siku nyingi tukibishana damu mbaya hiyo inatoka wapi, na tukaamua kwamba inatoka kwa mama. Tuliamua hivyo kama watu wanavyoamua timu gani itashinda Jumapili. Deo alikuwa anasikiliza. Akaenda nyumbani akamwambia mkewe afungashe.

Mtoto alibaki kwa baba, pamoja na bibi yake. Na kwa desturi ya ukoo wao, mke akirudishwa, kaka yake ndiye anayekuja kuchukua sanduku. Akishalinyanyua kwa mikono yake mbele ya watu, mambo yamekwisha, hata padri aseme nini. Kaka huyo anaitwa Arcade, na alikuwa njiani na lori la asubuhi.

Deo alikaa, akakataa kahawa, akatoa bahasha mfuko wa shati.

Deo: Pindo, simamisha mashine. Nisomee hii.

Mimi: Kwani we hujui kusoma?

Deo: Nimeisoma mara nne toka jana. Nataka niisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nikafuta miwani. Barua ilikuwa ya mdogo wake, Séverine. Huyo binti masista walimpeleka Ubelgiji kusoma, mwaka wa sita huu, na sasa anafanya kazi maabara. Aliandika kwa Kiswahili safi, herufi zimesimama kama askari. Nikaanza.

"Kaka yangu Deo, amani kwako na kwa nyumba yote. Kila barua unaniuliza nafanya kazi gani hasa, na mimi kila mara nakujibu 'maabara' basi, kwa sababu nilikuwa naona haya. Leo nakwambia. Kaka, kazi yangu ni panya."

Tangawizi: Eti nini?

Mimi: Panya. Ndivyo ilivyoandikwa.

Tangawizi: Yaani masista wamempandisha ndege mtoto wa watu, kaenda kusoma miaka yote hiyo, akafuge panya? Kwetu Kibaoni panya wamejaa ghalani, hakuna aliyesomea.

Deo: Mwache asome.

"Tunachukua mimba ya panya ikiwa na siku tatu na nusu tu. Bado haina kichwa wala mkia. Ni kitone ambacho bila darubini hukioni. Ndani yake mna chembe ambazo bado hazijapangiwa kazi. Chembe hiyo hiyo inaweza kuwa jicho, inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa damu. Tunazilea kwenye sahani, zinaongezeka, na tunahakikisha zinabaki hivyo hivyo, hazijapangiwa. Kisha tunazitia jeni. Jeni ni agizo ambalo wazazi humwachia mtoto ndani ya mwili wake, la rangi, la kimo, la damu."

Malale aliacha kuchora chini kwa fimbo.

Malale: Agizo. Kama wosia?

Mimi: Kama wosia, ila huwezi kuukataa.

Ampea: Na wanaliingizaje? Maana kitu chenyewe hakionekani. Sindano gani hiyo?

Nikaendelea, na nilipoona neno 'umeme' nilijua hapo ndipo Ampea atakapopandwa na mori.

"Tunaliingiza kwa umeme. Chembe ina ngozi na haikubali kitu kigeni kipite. Tunaipiga umeme kidogo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ngozi inafunguka vitundu, jeni inapita, vitundu vinajifunga. Chembe nyingi zinakufa. Katika zinazobaki, labda moja kwa elfu ndiyo inalipokea agizo mahali pake panapostahili. Zamani tulikuwa tunajaribu agizo moja moja, wiki nzima inakwisha. Sasa tuna sahani yenye vishimo tisini na sita, kila kishimo kina chembe zake na agizo lake, na kwa asubuhi moja tunapitisha sahani kumi. Halafu tunamwaga dawa kali inayoua kila chembe ambayo haikupokea. Zinazobaki hai ndizo tunazozirudisha kwenye tumbo la panya jike, na wanazaliwa panya wenye agizo letu."

Ampea akasimama kabisa.

Ampea: Nilisema mimi! Sikusema? Mwili wa mtu ni waya tupu. Mwaka ule jenereta ya misheni iliponirusha, siku tatu nilikuwa nasikia vitu ambavyo nyie hamvisikii. Kumbe nilifunguliwa vitundu!

Tangawizi: Kikaingia nini humo? Maana akili haikuingia.

Malale: Mimi nashangaa hiyo sahani. Vishimo tisini na sita. Bao letu lina thelathini na mbili na bado watu wanagombana.

Tangawizi: Hicho ni kitalu cha tumbaku, nyie hamkulima tu. Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Unaikoroga na maji kwenye keni ya kumwagilia, unamwagia tuta, hujui ipi imeshika ipi haikushika. Baadaye ndio unaona. Nyingi zinaoza.

Nikasema moyoni, huyu mzee leo kasema kitu. Lakini haikuchukua muda akaharibu.

Tangawizi: Tatizo langu ni moja. Hao panya wakitoroka? Ulaya kuna bandari. Panya anapanda meli, anashuka Kigoma na treni, kesho yupo hapa na wosia wa watu tumboni mwake. Atakula mahindi au atakaa mezani?

Ampea: Atataka kupiga kura huyo. Unacheka? Mwaka jana redio si ilisema kuna kondoo kazaliwa Uingereza hana baba? Na huyu panya naye, agizo la watu analo, umeme kapigwa, kitu gani kimebaki? Mimi nikiwa hakimu simhukumu kifo kwa kula unga.

Malale: Na paka akimla?

Ampea: Paka ana kesi.

Walicheka, na mimi nilitabasamu. Deo hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku kama anayelizuia lisiondoke. Nilimwona nikaona aibu, nikarudi kwenye karatasi haraka.

Ndipo nikaliona fungu la maneno lililofuata. Nilisoma mstari wa kwanza kwa macho, na wa pili. Sijui wengine mngefanya nini. Mimi nililiruka. Nikaenda chini kwenye salamu.

"Nisalimie mama, mwambie magoti yake nayakumbuka kila siku. Nisalimie..."

Deo: Umeruka.

Mimi: Sijaruka.

Deo: Pindo. Umeruka fungu zima. Linaanza na neno 'sikoseli'.

Hakupaza sauti. Tangawizi aliyekuwa anamimina alisimamisha birika hewani. Nikarudi juu, nikasoma, na nilisoma vibaya kama mtoto wa darasa la pili.

"Sikoseli ndiyo kazi yetu mwaka huu. Kaka, tumepata panya mwenye ugonjwa wa Aurélie. Tumemwondolea agizo lake la damu, tukamwekea la binadamu, lile lililoharibika. Na nikwambie jambo ambalo darasani nililisoma nikalipita tu. Panya aliyerithi agizo bovu moja, anakula, anakimbia, anazaa, huwezi kumjua katika wenzake. Ili panya augue lazima awe nayo mawili, moja la baba na moja la mama. Nimewahesabu mwenyewe, ni zaidi ya mia nne. Sijaona hata mmoja aliyeugua kwa upande mmoja. Siku hiyo niliwakumbuka wewe na wifi Immaculata, kila mmoja wenu amebeba nusu, mzima wa afya, na hajui. Nililia pale pale nikiwa na glovu mikononi. Mwambie wifi asijilaumu. Na wewe usijilaumu."

Lori moja lilikuja stendi, sote watano tukageuka, lakini lilikuwa la mbao.

Séverine hakuwa na habari. Barua ya kumweleza kwamba wifi yake karudishwa kwao haijaandikwa, au iliandikwa ikapishana na hii huko angani. Alikuwa anatuma salamu kwenye nyumba ambayo haina tena wifi wa kuzipokea.

Ampea ndiye aliyeanza, na alianza kwa sauti ya chini ambayo si yake.

Ampea: Lakini hao ni panya.

Tangawizi: Eeh. Ni panya.

Ampea: Panya hana ukoo. Hana mahari, hana mwiko, kaka na dada wanazaa. Utasemaje damu yake ni kama ya mtu? Na wa Ulaya ni weupe, wana macho mekundu.

Tangawizi: Hata chakula wanapewa cha dukani.

Ampea: Halafu sikilizeni. Mtoto anakaa tumboni miezi tisa. Baba yeye anapita tu, kama mtu anayewasha swichi. Mama ndiye jenereta. Sasa redio ikiungua utamlaumu aliyewasha swichi au jenereta? Chaji yote ya mama. Ya baba labda ni ya kuwasha taa ndogo ya mbele.

Tangawizi: Na mimi naongeza. Huko kuna baridi. Damu ya panya wa baridi lazima ipatikane pande mbili ndio iwe na nguvu. Hapa kwenye joto upande mmoja unatosha.

Ampea: Umeona! Na umeme wao ni mwingi. Pengine ni ule umeme ndio uliowagawia nusu kwa nusu.

Waliendelea hivyo, na kila mmoja alikuwa anaongeza kwa mwenzake, na nawaambieni, nilijua wanachofanya. Walikuwa wanajificha. Nami nilikuwa najificha zaidi yao, nilijifanya natafuta sindano iliyochomekwa kwenye shati langu mwenyewe.

Malale: Mimi nina neno.

Malale si msemaji. Akianza, anaongea huku anaangalia ardhi.

Malale: Nilikuwa na dume jekundu, zuri, nililitoa Shinyanga kwa miguu. Na jike jekundu. Wakazaa ndama mweupe wa kope mpaka kwato, haoni juani. Akafa. Wakazaa tena wa hivyo. Akafa. Nikasema jike hili lina mkosi, nikaliuza. Dume nikabaki nalo.

Tangawizi: Ulifanya vizuri.

Malale: Subiri. Dume nikalipandisha kwa jike jingine, jekundu vile vile, la ukoo ule ule wa lile la kwanza. Ndama akatoka mweupe. Lile jike nililoliuza, aliyelinunua alilipandisha kwa dume lake jeusi. Limezaa mara tano. Wazima wote.

Ampea: Sasa Fimbo, mbona mwezi wa nne hukusema hayo?

Malale: Nyie mlikuwa mnasema wote kwa pamoja. Na mimi nilijiuliza, nitamfananisha vipi mke wa mtu na ng'ombe? Nikaona ni kukosa adabu. Nikanyamaza.

Alimgeukia Deo sasa, akamtazama usoni.

Malale: Nisamehe, Deo. Adabu yangu ilikuwa ya kijinga.

Deo aliichukua barua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, taratibu.

Deo: Mnajua wiki iliyopita nilikuwa Magamba?

Tangawizi: Kufanya nini?

Deo: Kuna binti. Anaitwa Goreth. Wazee wake nimeshaongea nao. Nilimuuliza baba yake maswali ya damu kuanzia babu wa babu, mzee wa watu akanijibu moja moja bila kukasirika. Nikarudi naimba njiani. Nilikuwa nasema sasa nimepata damu safi.

Ampea: Ni kweli umepata, si hana...

Deo: Ampea, kaa kimya kidogo. Ningeenda na hii nusu yangu kwake. Huyo mzee hakuniuliza mimi swali hata moja. Kwa nini hakuniuliza? Kwa sababu mimi ni mwanaume nimekuja na viatu vimepigwa rangi. Ningezaa naye, na kama na yeye anayo nusu yake, mtoto angeumwa, na mngekaa hapa mkaniambia na huyu naye nimrudishe.

Ampea, aliyekuwa bado amesimama, akakaa.

Mimi: Barua haijaisha, Deo. Mwisho, chini ya salamu, anasemaje?

Deo: Mwisho anasema dawa bado. Anasema hao panya ni wa kujaribia, na pengine miaka ishirini, pengine zaidi, na yeye hataki kunidanganya. Anasema mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, nisikose vidonge vyake vya hospitali hata siku moja, na malaria nisiichezee. Basi. Hicho ndicho alichonacho.

Tangawizi: Kwa hiyo panya wote hao, vishimo tisini na sita, umeme, na hakuna hata kidonge?

Deo: Hakuna kidonge. Kuna hilo la nusu kwa nusu tu.

Tangawizi alitikisa birika, akalisikiliza. Kahawa ilikuwa imebaki kidogo. Ndio lori la Mishamo likaingia, limejaa magunia mpaka juu ya kichwa cha dereva, na watu wamekaa juu ya magunia, wote wekundu kwa vumbi.

Arcade alishuka wa mwisho. Ni mtu mrefu, mkulima wa tumbaku, mikono mikubwa, kofia ameishika tangu mbali. Alikuja moja kwa moja benchini. Alilitazama sanduku, kisha akatusalimia mmoja mmoja kwa kutushika mkono, na mimi aliniuliza habari za macho yangu, maana alishasikia kwamba yananisumbua. Mtu akikusalimia hivyo huku umemharibia nyumba ya dada yake, unatamani akutukane.

Tangawizi akammiminia kile kikombe cha mwisho.

Arcade: Ahsante, mzee. Njia mbaya. Tumelala Ugalla na pancha.

Ampea: Shemeji, umekuta tuna mjadala mzito. Kuna mambo ya panya wa Ulaya, wanatiwa jeni...

Arcade: Ndugu yangu, nisamehe, sikuja kwa habari ya panya.

Akanywa yote kwa mara moja. Akaweka kikombe chini, akamgeukia Deo.

Arcade: Shemeji, kuhusu hili sanduku dada hakunipa neno. Aliniambia ukipewa lichukue, usipopewa acha. Kitu kimoja tu ndio kaniagiza nikuulize, na nilimwahidi kwamba nitakuuliza kwanza kabla ya mengine. Anauliza, Aurélie akishikwa na miguu, nani anamkanda?

Tulimtazama Deo. Alikuwa anatazama kofia ya Arcade.

Nilidhani atasema bibi yake. Bibi mwenyewe vidole vimepinda, hawezi hata kukamua nguo. Nilidhani atasema ni yeye baba. Lakini Deo kutwa yuko karakana kwa mapadri, hilo kila mtu analijua.

Deo: Anajikanda mwenyewe.

Arcade: Unasemaje?

Deo: Anajikanda mwenyewe. Anachemsha maji, anakaa chini, anachovya kitambaa, anajifunga nacho goti. Akimaliza la kulia anafanya la kushoto. Juzi nimemkuta. Nikamwambia niachie nikukande, akaniambia baba, wewe unabonyeza sana, mama alikuwa habonyezi. Akaendelea.

Arcade alijifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Huyo ni mtu mzima, ana watoto watano, alilia pale benchini mbele yetu na mbele ya watu wa stendi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia nyamaza.

Alipotoa kofia usoni, Deo alimpa barua. Aliisoma kwa kusogeza midomo, polepole, na alipofika lile fungu alilisoma, akarudi juu, akalisoma tena.

Arcade: Moja la baba na moja la mama.

Deo: Ndiyo.

Arcade: Kwa hiyo dada yangu...

Deo: Dada yako ana nusu. Nusu nyingine ni yangu mimi. Nilimfukuza yeye peke yake kwa kitu tulichobeba wawili. Shemeji, hilo lori linarudi saa ngapi?

Arcade: Wakishusha magunia tu. Anageuza.

Deo: Naenda nalo.

Arcade: Deo, nikwambie ukweli. Immaculata hayuko kama ulivyomwacha. Haongei. Analima kuanzia asubuhi mpaka jioni kama anayegombana na jembe. Ukija na barua ya panya, sijui atakusikiliza.

Deo: Asiponisikiliza, nitakuwa nimemwambia. Mimi niliyemwambia ni yake, nimwambie mimi kwamba ni yetu. Nikimtuma mtu itakuwa nini?

Arcade: Na akikataa kurudi?

Deo: Akikataa nitamwomba aje hata wiki moja amkande mtoto, mimi nilale karakana. Akikataa na hilo, nitampeleka Aurélie kwake Mishamo. Sina haki ya kumzuia huko nyumbani kwangu.

Lilikuwa jambo zito hilo. Kwa watu wao, na kwa watu wa Malale, na kwetu sote pale, mtoto ni wa upande wa baba, na mwanaume hasemi hivyo mbele ya shemeji yake. Arcade alimshika mkono.

Deo: Fimbo, nakuomba. Hili sanduku lirudishe nyumbani. Umwambie mama nimekwenda Mishamo, na vidonge vya mtoto viko juu ya kabati, asije akampa mara mbili kwa siku.

Malale aliliweka sanduku begani bila kuuliza. Fimbo yake akaiacha imeegemea benchi, na hiyo ni mara ya kwanza mimi kumwona anatembea mikono mitupu. Akakata njia ya misheni kuelekea kwa Deo.

Magunia yalikwisha kushushwa. Deo alikwenda kuongea na utingo wa lori, akapanda, akakaa ukingoni. Utingo huyo akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. Arcade alivaa kofia yake, akapiga hatua kama tatu kwenda stendi, akasimama. Akarudi.

Arcade: Wazee wangu, mimi sina ugomvi na nyie. Deo aliniambia mwezi wa tano kwamba mambo haya yaliamuliwa hapa. Nikifika kule, dada ataniuliza, namjua. Ataniuliza jina. Nani alianza kusema kwamba ni damu ya mama?

Ampea alitazama viatu vyake. Tangawizi alilipindua birika juu ya majani ya pembeni, likatoa masimbi ya kahawa tu. Dereva akapiga honi. Arcade hakugeuka, alitutazama mmoja baada ya mwingine, bila ukali, kama mtu aliyeuliza njia.

Nyie nawaambia leo, nilianza mimi. Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya mwezi wa nne, nashona suruali ya karani mmoja wa halmashauri. Uzi ukanikatikia. Deo alikuwa amekaa hapo kimya, ametoka kumlaza mtoto hospitali, na nikasema bila kuinua kichwa, "Mambo ya damu hayo hutoka kwa mama." Sikuwa nimeyasoma mahali popote. Sikuwa na chuki na Immaculata, aliwahi kuniletea mihogo. Niliona watu wamenyamaza tu, nikataka mazungumzo yaendelee, na Ampea akadakia, na Tangawizi akaongeza, na baada ya siku mbili mimi mwenyewe nilikuwa naamini.

Honi ikapigwa mara ya pili. Arcade akaniangalia mimi wa mwisho, na mimi nikaweka mguu kwenye pedeli, nikashona.